Kingereza ya Lekole Yetu

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tano, 1954

Mashuka tena. Tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, kalasi ya tano yote inashona pindo ya mashuka ya bazungu. Hakuna hesabu. Hakuna kusoma. Sindano tu. Mimi njo mwalimu wao, kazi yangu ni kupita nyuma ya migongo yao na kusema: fumua, anza tena, ile pindo imepinda. Asubui katekisimu na nyimbo, kisha chakula sindano. Lekole gani hii?

Leo Mamère, sista mukubwa wa lekole yetu, aliniita mu biro. Bamama batatu Baingereza banakuja kutoka Rodesia, tarehe 12 ya mwezi wa sita. Bako na komite ya kusaidia masomo ya babinti, na bako na bitabu ya kutoa, makasha mazima. Banapenda kusikia batoto ba Kongo banasema Kingereza. "Na wewe, Véronique, unakijua." Ndiyo, ninakijua. Baba alifanya kazi ya reli ku Ndola, kule Rodesia, nilisoma kule miaka tano. Tangu naingia hapa, hakuna hata siku moja Mamère aliniuliza juu ya Kingereza yangu. Leo njo imekuwa na faida.

Akanipa liste mu Kifaransa, maneno ya maisha ya lekole, nitie yote mu Kingereza ya kunyooka. Tunasoma jeografia. Tunachora. Tunaazima bitabu mu biblioteki.

Nikauliza biblioteki iko wapi. Akajibu: "Itakuja siku ingine." Nilirudi mu kalasi, nikajichoma sindano mara mbili.

Jumatano, tarehe 5

Somo ya kwanza. Niliweka sindano zote mu kikapo, nikabaambia: leo mudomo njo unafanya kazi. Bakacheka.

Kingereza yao iko Kifaransa yenye kuvaa kofia. Banataka kusema tu walifanya mutihani, banasema "pass". Hapana, batoto bangu. Kwa Mwingereza, "pass" ni kusema umeshinda. Kama ungali unaandika na jasho inakutoka, unasema "sit". Unakaa mutihani, sawa vile unakaa ku kiti. Clémentine akauliza kama muntu anafanya mutihani amesimama, je, banasema namna gani. Nilicheka mpaka machozi. Muda mrefu sijacheka mu ile nyumba.

Kisha Kapinga akanyoosha mukono. Iko na miaka kumi na ine. Baba yake ni muntu wa Kasai, anauza bitenge ku soko ya Cité, mutaa wa baweusi. Ule mutoto iko na akili yenye kuuma: unamupa neno moja, anakuuliza ile ya nyuma yake. Akasema: "Mwalimu, na kusema niliacha masomo, banasema namna gani?"

Nikamukaripia. Haiko mu liste, nikasema. Akainamisha kichwa.

Najua muzuri namna banasema. Wakati kazi ya Baba iliisha na tukarudi huku, mwalimu wa Ndola alinisimamisha mbele ya kalasi, akanisemesha ile maneno. Nilisema bila kosa. Akanisifu. Akanisifu! Nilikuwa na miaka kumi na ine.

Ijumaa, tarehe 7

Nilienda kwa Mamère bila kuitwa. Nilimwambia wazi: batoto bangu banamaliza kalasi ya tano mwezi wa saba, na nyuma yake hakuna kitu. Lekole ya bakunga ku lopitalo inapokea tu wale wenye kumaliza ya sita. Bavulana ba lekole ya bapadri bako na ya sita. Bangu bako na mashuka.

Mara tatu mbele ya leo nilisema ile maneno, mara tatu alinijibu: "Mupole mupole." Leo alikunja mikono akafikiri. Akasema, kama bamama bale wakipendezwa, batatuandikia barua ya sifa, na makasha ya bitabu juu yake. Barua ataipeleka kwa inspecteur, mukubwa wa malekole yote. Inspecteur hawezi kukataa lekole yenye kusifiwa na wageni. Mwezi wa tisa tunafungua ya sita.

Aliniangalia mu macho. Siko mujinga, niliona naye anaitaka. Basi nimekubali. Niandike hapa bila kuzunguka, hakuna muntu atasoma: nimekubali kufundisha batoto buongo juu ya kupata kalasi ya sita.

Jumapili, tarehe 9

Kisha misa, baba ya Kapinga alitufikia ku nyumba. Mama yangu akamutolea kiti ya muzuri, akasubiri nyuma ya mulango kusikia yote, kama kawaida yake.

"Moyo, Mwalimu," anasalimia sawa bantu ba Kasai. Amevaa koti, viatu inangaa. Alikuja kusema jamaa moja ya Jadotville imeleta neno ya ndoa juu ya Kapinga. Kijana ni karani. Jamaa ya heshima. Yeye baba hakujibu bado.

Akasema: "Kama kalasi ya sita inafunguka, Mwalimu, mutoto anabaki. Nilisha kumuahidi. Kama haifunguki, nitamuweka ku nyumba afanye nini? Aangalie bitenge pamoja na mimi? Bantu batasema."

Nilitaka kumukasirikia, sikuweza. Alisema na adabu, na anamupenda binti yake. Hii njo inaniuma zaidi. Ningepata mulevi moja, mugomvi moja, nimutukane nipoe. Nikamwambia ya sita itafunguka. Nilisema sawa muntu mwenye ufunguo wa mulango.

Alhamisi, tarehe 20

Tunasonga mbele. Banasema muzuri kunipita mimi wakati ule. Wako "in the fifth class". Saa ya mapumuziko iko "break", na hawasemi tena recreation. Banajua kusema mwalimu anaita majina asubui, kusema wamechelewa, kusema bameazima buku na bameirudisha ku siku yake.

Lakini Kapinga: "Mwalimu, biblioteki iko namna gani?" Kalasi yote ikaniangalia. Hakuna hata moja alisha kuiona. Tunajifunza kusema tunaingia mu kitu na hatujui iko na mulango wapi!

Basi nikabaeleza ile ya Ndola. Haikuwa nyumba, ilikuwa kabati moja, murefu, mulango wa kioo. Ufunguo ulining'inia mu shingo ya mwalimu, ku kamba ya bluu. Siku ya Ijumaa anafungua, unachagua moja, anaandika jina yako. Bitabu ilikuwa inanuka gundi. Nilisema mpaka nikasahau mashuka. Bakaiandika yote mu kaye. Nikasahihisha kila sentensi. Sasa banaweza kukueleza kabati ile kunipita mimi niliyeiona.

Niko mwalimu muzuri. Leo ile inanichukiza.

Ijumaa, tarehe 28

Baridi imeanza. Vumbi, moshi ya shimini ya kiwanda, makoo yote inakohoa. Sina la kuandika. Niko na hasira tu.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa sita

Bapaka rangi bamekuja. Ukuta wa mbele tu, ule wenye kuonekana toka ku barabara. Ya nyuma inabaki vile iko.

Na sasa sikia hii. Mamère alisikia batoto banasema habari ya kabati. Akapenda. Akapenda sana! Leo mutuka ya lekole ya babinti bazungu ya mu ville, muji yao, imeleta kabati. Kioo mbele, bitabu ndani, migongo nyekundu na kijani. Ya kuazima, mpaka siku ya posho, Jumamosi tarehe 12. Imefungwa. Ufunguo umebaki kule mu ville kwa mukubwa wao, juu, banasema, mikono ya batoto betu itachafua.

Batoto bakasimama mbele ya kioo. Clémentine akabandika pua ku kioo kusikia kama inanuka gundi. Nikamuondosha, juu Mamère alikuwa anaangalia. Nilimuvuta kwa nguvu. Hasira ile haikuwa juu ya mutoto.

Njo mimi nilibapa ile wazo. Ningenyamaza juu ya Ndola, wasingejua kitu cha kuazima.

Ijumaa, tarehe 11

Tumeficha mashuka. Sisi benyewe. Batoto bamebeba marundo ku kichwa, moja nyuma ya ingine, mpaka mu depo nyuma ya jikoni. Mamère akafunga depo, akatoa ufunguo, akautia mu kamba ya bluu, akanivalisha mu shingo. "Kama ku Ndola," anasema, anatabasamu.

Nilitoka na ufunguo wa mashuka mu shingo. Mama aliniuliza juu ya nini sikule. Nikamujibu vibaya, na hakufanya kosa.

Jumamosi, tarehe 12

Bamefika saa tatu. Bamama batatu, makofia, magauni ya maua. Moja, ule wa kofia ya kijivu, iko mukubwa wao. Haiko mutu mubaya. Hii niandike pia. Alisalimia kila mutoto kwa mukono, na hakupangusa mukono nyuma.

Batoto bakasema. Yo! Walisema! Mu maneno tu bameamka, bameingia mu kalasi, bamejibu majina, bamesoma jeografia, bamekaa mutihani, bameshinda mutihani. Hakuna hata neno moja ilianguka. Mamère, asiyejua Kingereza, alikuwa anatikisa kichwa sawa anaonja muchuzi wa muzuri.

Mama wa kofia ya kijivu akasimama mbele ya kabati. Akamuuliza Kapinga buku gani anapenda kupita zote.

Haikuwa mu liste. Kapinga akafikiri kidogo, kisha akasema anapenda buku ya binti moja, mukunga. Anaenda na kinga, baisikeli, mu mabarabara ya matope, mvua inanyesha, mu mugongo amefunga sanduku yake, na mama mwenye kuzaa anamungojea. Anafika. Mutoto anazaliwa, analia. Alisema yote mu Kingereza yake, ile nilimupa mimi, maneno ya lekole tu, na aliyapanga mpaka tukaona matope.

Ule mama macho yalimulowa. Akaniomba nifungue kabati, aone buku ile.

Kapinga alijibu mbele nifungue mudomo. Akasema leo ni Jumamosi, kabati inafunguliwa Ijumaa, ni sheria ya lekole. Muzungu akacheka na furaha. Akageuka kwangu, akaangalia ufunguo mu shingo yangu. Akauliza, buku ile iko humu kweli?

Nikasema ndiyo.

Mamère hakusema, liste haikusema. Mimi. Ufunguo wa mashuka mu shingo, mbele ya batoto bote, nikasema ndiyo.

Jumatatu, tarehe 14

Mutuka imekuja kuchukua kabati. Mashuka yamerudi. Batoto banashona kimya, hakuna mwenye kuniangalia.

Kapinga tu alisema, na kichwa chini ku pindo: "Lakini ya sita itafunguka, si vile, Mwalimu?" Nikasema ndiyo. Ndiyo ya pili.

Jumatano, tarehe 30

Barua imefika. Mamère akaniita niitafsiri mu Kifaransa. Nilisoma nimesimama, ye amekaa, kalamu tayari.

Mama wa kofia ya kijivu anashukuru. Hajaona lekole ya babinti ya kupita hii. Batoto banasema muzuri, banasoma muzuri, biblioteki yao bameichunga kwa sheria. Kwa hiyo, anasema, komite imeamua makasha ya bitabu yaende ku lekole ingine, ya mbali, yenye haina hata buku moja. Sisi hatukosi kitu. Na mutoto ule wa buku ya mukunga, yeye hasa, hana lazima ya musaada wao.

Niliitafsiri yote. Hata ile ya mwisho.

Mamère alikunja paji ya uso juu ya makasha. Kisha akasema, haizuru, sifa iko, sifa njo tulikuwa tunatafuta. Kesho anaipeleka kwa inspecteur.

Aka! Yeye hakusikia ile mimi nilisikia. "Hatukosi kitu." Niko naandika na mukono wenye kubana kalamu mpaka karatasi inapasuka.

Alhamisi, tarehe 8 mwezi wa saba

Inspecteur amejibu. Amesoma barua. Anapongeza. Na kama lekole ilivyo sasa inatosha mpaka wageni banaisifu, haoni juu ya nini kuongeza kalasi ya sita. Mwalimu wa ya sita atamupeleka pahali penye lazima.

Nililia mbele ya Mamère, na siyo huzuni, hasira. Nilisema mambo ambayo haisemwi kwa mamère. Nikasema aliniingiza mu buongo na buongo ikatula. Nikasema mashuka ya bazungu inafunika miaka ya batoto bangu. Alingoja nimalize. Akasema, sauti ya chini: "Nilikuomba maneno, Véronique. Ndiyo ile mbele ya kabati, hakuna mutu alikuomba."

Ningependa kuandika hapa kwamba ni mutu mubaya. Alikuwa amekunja uso sawa anaumwa. Na alisema kweli. Njo juu ya ile nilitoka nikapiga mulango mpaka picha ya Bikira ikaanguka.

Niko na hasira na yeye. Na inspecteur. Na ile kofia ya kijivu na macho yake ya kulowa, ilishindwa kuuliza hata mara ya pili! Na mimi, zaidi na mimi. Nilikuwa na nafasi moja, neno moja, hapana. Mutoto wa miaka mbili anaweza kuisema. Niliifundisha kalasi yote kujibu muzuri, na mimi njo nilijibu vibaya.

Jumamosi, tarehe 10

Nimeandika kwa mama wa kofia ya kijivu. Anwani nilikuwa naiweka tangu barua yake. Mu Kingereza, sentensi fupi, sawa vile nafundisha. Kabati ilikuwa ya kuazima. Ufunguo ulikuwa wa depo. Hakuna biblioteki. Hakuna buku ya mukunga, mutoto aliitoa mu kichwa yake mwenyewe. Kisha chakula tunashona mashuka. Nilikuambia ndiyo, na ilikuwa hapana. Nikatia jina yangu yote.

Nilienda mu ville, ku posta, nikapanga mustari ku dirisha ya baweusi, jua ya saa sita mu kichwa. Mama anasema nimejifukuzisha kazi na mukono wangu. Basi, banifukuze. Niliporudi nyumbani nilikula bukari ya mahindi sahani mbili.

Jumatano, tarehe 21

Hakuna jibu. Baba ya Kapinga alipita. Hakukaa. Alisema amejibu jamaa ya Jadotville. Alisema: "Nilingoja, Mwalimu. Wewe njo shahidi." Nikamujibu ndiyo, Baba, niko shahidi.

Jumapili, tarehe 25

Kapinga amekuja kuaga. Kesho anapanda treni ya Jadotville pamoja na shangazi yake. Amevaa kitenge kipya, baba yake alichagua ya muzuri. Nywele zimesukwa. Anaonekana mukubwa, na ni mutoto.

Alileta kaye yake ya Kingereza, alitaka niangalie kama kuna makosa. Hakukuwa. Mustari kwa mustari, liste yote, na kabati ya Ndola yote, mwandiko wa kunyooka. Kwa ukurasa wa mwisho alibakiza nafasi.

Akasema: "Mwalimu, ile maneno ya kuacha masomo. Sasa utaniambia?"

Nikamwambia. Ni maneno matatu tu. Akaisema nyuma yangu mara moja, polepole. Nilikuwa tayari kumusahihisha, hakukuwa kitu ya kusahihisha. Sikumusifu. Akaomba kalamu, akaiandika chini, mu ile nafasi, akangoja wino ikauke, akafunga kaye.

Mama alituita kula. Ilikuwa bukari na majani ya sombe. Kapinga alikula na sisi, akasaidia kuosha masahani, kisha akaenda.